Vitabu Viwili kwa Neno Moja: Mhadhara juu ya Hadithi za Theluji na Msamiati wa Watoto



Nimeombwa nizungumze juu ya jambo ambalo kwa jicho la haraka huonekana dogo, nalo ni vitabu vya picha vya watoto, hususa vile vinavyosimulia majira ya baridi na theluji katika nchi za kaskazini, na jinsi kitabu kimoja kinavyoweza kuoanishwa na kingine ili mtoto ainuke katika kusoma akiwa na msamiati uliozidi ule aliokuja nao. Mimi sioni udogo wowote katika jambo hili. Mtoto asiye na neno la kutajia kitu hawezi kukiulizia, na asiyeweza kuuliza hufundishwa kwa taabu. Na kila mwalimu aliyepata kusimama mbele ya darasa la kwanza anafahamu kuwa watoto wawili wenye akili sawa huachana njiani mapema, kwa sababu tu mmoja ameingia shuleni na maneno mengi na mwenziwe ameingia na machache. Hoja nitakayoitetea ina sehemu mbili. Ya kwanza ni kwamba kitabu kimoja humjulisha mtoto neno, bali vitabu viwili vinavyoshika jambo moja kwa njia mbili ndivyo vimpavyo milki ya neno hilo. Ya pili, ambayo huenda ikawashangaza, ni kwamba katika vitabu vya theluji mavuno bora si maneno ya theluji.

Tuanze na swali waulizalo wazazi wengi: kwa nini maneno yatafutwe kitabuni, ilhali mtoto huzaliwa katikati ya watu wanaosema naye mchana na usiku? Mazungumzo ya nyumbani ndiyo chemchemi ya lugha, na hakuna kitabu kiwezacho kushika mahali pa mama asemaye na mwanawe. Walakini mazungumzo hayo, kwa kuwa wasemao huonana na vitu viko mbele yao, hutosheka na maneno machache yanayorudiwarudiwa, kwani awezaye kunyosha kidole hana haja ya kutafuta jina. Mwandishi wa kitabu hana kidole cha kunyosha, kwa hiyo hulazimika kutaja. Mwaka 1988 wataalamu wawili wa Marekani, Donald Hayes na Margaret Ahrens, walichapisha hesabu ya maneno adimu yapatikanayo katika maandishi na mazungumzo ya namna mbalimbali, wakaona kwamba vitabu vya watoto wanaosoma vina maneno adimu karibu 31 katika kila maneno 1,000, hali mazungumzo ya kirafiki ya watu wazima waliohitimu chuo kikuu yana kama 17 tu. Hata vitabu vya watoto wasiofikia umri wa shule, ambavyo wengi huvidharau kwa ufupi wake, vilikuwa na maneno adimu kama 16, yaani karibu sawa na soga za wasomi. Mzazi asomaye kitabu cha picha kwa sauti amempa mtoto lugha ambayo yeye mwenyewe, katika mazungumzo ya chakula cha jioni, asingepata sababu ya kuitumia.

Ikiwa basi maneno yamo kitabuni, kwa nini kitabu kimoja kisitoshe? Jibu la swali hili limo katika tabia ya akili ya mtoto mwenyewe. Mwaka 1978 Susan Carey na Elsa Bartlett walieleza jaribio ambalo watafiti wa lugha ya watoto hulirejea hata leo: mtoto wa chekechea aliombwa, katikati ya shughuli za kawaida, alete sinia la rangi fulani iliyopewa jina asilolijua, wala si lile la buluu, naye, bila kufundishwa, alikisia akaleta sinia la rangi ya zeituni. Wiki kadhaa baadaye watoto wengi walikuwa wameshika jambo fulani juu ya neno lile, mathalan kwamba ni jina la rangi, lakini wachache mno ndio waliolifahamu kwa ukamilifu. Akili ya mtoto, kwa hiyo, hudaka neno upesi na hulimiliki polepole. Mara ya kwanza hupata kivuli cha maana, na kivuli hicho hupotea au hupotoka endapo neno halitakutwa tena, tena mahali pengine penye mwanga mwingine. Wavuvi wa pwani yetu hulijua jambo hili kwa njia yao: atafutaye mwamba wenye samaki hatosheki na alama moja ya nchi kavu, kwa kuwa alama moja humwambia tu kuwa yu mahali fulani katika mstari mrefu, bali hutafuta alama ya pili upande mwingine, na pale mistari miwili inapokatana ndipo anapotia nanga. Kitabu cha pili ndicho alama ya pili.

Tena kuna burhani iliyo karibu zaidi. Mwaka 2016 Gina Cervetti na wenzake walichapisha matokeo ya utafiti ambamo wanafunzi wa darasa la nne waligawanywa makundi mawili: kundi moja lilisoma matini kadhaa zilizohusu ndege, na kundi la pili lilisoma matini zilizohusu mambo mbalimbali yasiyohusiana. Waliosoma juu ya jambo moja waliyafahamu maneno waliyokutana nayo kuliko wenzao, na walipopewa matini mpya juu ya ndege waliikumbuka vizuri zaidi. Sababu yake si siri. Neno haliishi peke yake akilini. Huishi ndani ya maarifa, na mahali penye maarifa yaliyopangika neno jipya hupata pa kushika, ilhali mahali patupu huteleza.

Sasa yapasa nieleze kwa nini theluji ichaguliwe katika mambo yote ya dunia. Majira ya baridi ni jambo moja lenye mipaka iliyo bayana, nalo hugusa elimu nyingi: hugusa maji na namna yagandavyo na kuyeyuka, hugusa wanyama, ambao baadhi yao hulala usingizi mrefu, wengine huhama, na wengine hubaki wakavumilia, hugusa mavazi, chakula, moto na makao, hugusa kazi za watu wanaofungua njia ili tabibu na mtu wa zima moto wapite. Zaidi ya hayo, waandishi na wachoraji wa nchi hizo wamelitumikia jambo hili kwa kipaji cha hali ya juu. Nishani ya Caldecott, ambayo Chama cha Maktaba cha Marekani kimeitoa kila mwaka tangu 1938 kwa mchoraji wa kitabu bora cha picha, iliviendea vitabu vya theluji miaka miwili mfululizo, 1948 na 1949, kisha ikavirudia mwaka 1963, 1988 na 1999. Mzazi na mwalimu hawana shida ya kupata. Shida yao ni kuchagua kipi kiende na kipi.

Nitawapa jozi ninayoitukuza kuliko zote, nami nitakaa nayo kwa muda, kwa kuwa ndani yake hoja yangu yote huonekana. Kitabu cha kwanza ni *The Snowy Day* cha Ezra Jack Keats, kilichotoka mwaka 1962 na kupata nishani niliyoitaja mwaka uliofuata. Keats alizaliwa Brooklyn mwaka 1916, mwana wa wahamiaji maskini wa Kiyahudi kutoka Poland, na katika zama ambazo mtoto mweusi alikuwa nadra mno kuwa shujaa wa kitabu cha picha nchini Marekani, yeye alimchukua Peter, mvulana mweusi wa mjini aliyevaa vazi jekundu la baridi, akampa siku nzima ya theluji aitumie kwa furaha yake. Peter hutembea akielekeza vidole vya miguu nje, kisha ndani. Huburuta miguu aone mistari. Huburuta kijiti aone mstari wa tatu. Hugonga mti, na theluji humwangukia kichwani. Mwishowe hutia donge la theluji mfukoni aje kulichezea kesho, na baadaye, kabla ya kulala, hutia mkono asilikute. Watu wamekipenda kitabu hiki kiasi kwamba Maktaba ya Umma ya New York, ilipoadhimisha miaka 125 ya uhai wake, ilitangaza mwaka 2020 kuwa ndicho kilichoazimwa kuliko kitabu kingine chochote katika historia yake, mara 485,583.

Kitabu cha pili ni *Snowflake Bentley*, kilichoandikwa na Jacqueline Briggs Martin na kuchorwa na Mary Azarian kwa michoro ya kuchonga ubaoni, kilichotoka mwaka 1998. Hicho ni habari za kweli za Wilson Bentley, mkulima aliyezaliwa mwaka 1865 katika kijiji cha Jericho, jimbo la Vermont, ambaye tangu ujana alitazama chembe za theluji kwa hadubini aliyopewa na mamake, akajaribu kuzichora, nazo zikayeyuka kabla mkono haujamaliza. Wazazi wake, ambao hawakuwa matajiri, walimnunulia kamera ya kuunganishwa na hadubini. Na tarehe 15 Januari 1885, kabla hajatimiza miaka 20, alifaulu kupiga picha ya fuwele moja ya theluji. Aliendelea na kazi hiyo maisha yake yote, akizidaka chembe juu ya ubao mweusi, hata akapata picha zaidi ya 5,000, na kitabu chake kikubwa kikatoka mwaka 1931, mwaka ule ule aliofariki. Kitabu cha Martin kina jambo la pekee: katikati ya ukurasa huenda hadithi, na pembezoni huenda maelezo ya kitaalamu, kiasi kwamba chenyewe ni kama jozi ndani ya jozi.

Tazameni sasa vitabu hivi viwili vinavyofanya kazi pamoja. Mwalimu husoma cha Keats kwanza, na afikapo pale mfuko ulipokutwa mtupu, huwauliza watoto donge limekwenda wapi, kisha huyapokea majibu yote bila kusahihisha, hata la yule asemaye kwamba limeibiwa. Swali huachwa wazi. Siku nyingine husomwa cha Bentley, na mtoto hukuta hasara ile ile ikimpata mtu mzima, hadubini mkononi, tena mara nyingi. Na hapo neno *kuyeyuka*, ambalo kwa Peter lilikuwa huzuni ya usiku mmoja, huwa kizuizi cha kazi ya miaka na chanzo cha ubunifu. Maana imezunguka na kuonekana pande zote. Kisha mwalimu hurudi nyuma. Bentley amewapa watoto neno *mpangilio*, kwa kuwa chembe zake zina pande sita zilizopangika, jambo litokanalo na jinsi molekuli za maji zinavyojiunga zinapoganda. Nalo neno hilo, ambalo Peter hakuhitaji kulitamka, sasa linatumika kumtazamia Peter, kwa maana zile nyayo zake, nje na ndani, na mistari mitatu ya kuburuta, ni nini kama si mipangilio? Mtoto atoaye neno katika kitabu kimoja na kulitia katika picha ya kitabu kingine hakariri tena, bali anafikiri kwa neno hilo, na hapo ndipo lilipoanza kuwa lake.

Jozi ya namna ya pili huundwa kwa hadithi moja iliyosimuliwa na watu wawili. Wako wanyama wa ngano ya Ukraine walioikuta glavu msituni, ile ambayo vidole vinne hukaa pamoja na gumba hukaa peke yake, wakaingia mmoja mmoja kutafuta joto. Alvin Tresselt aliitoa ngano hiyo kwa Kiingereza mwaka 1964, na Jan Brett akaitoa tena kwa michoro yake mwaka 1989. Kwa Tresselt, glavu hupasuka pale nyenje mdogo anapojipenyeza baada ya wakubwa wote. Kwa Brett, panya humkalia dubu puani, dubu hupiga chafya, na wanyama wote hutawanyika, na glavu, iliyotanuka kupita kiasi, humrudia mwenyewe. Maneno ya kubanana, kujipenyeza, kutanuka, kupasuka na kutawanyika hupatikana kati ya matoleo haya mawili, lakini faida iliyo kuu ni nyingine: mtoto aulizwaye hadithi hizi zimeachana wapi hawezi kujibu bila kutumia viungo vya hoja, yaani *ilhali*, *badala ya*, *kwa sababu*, *hatimaye*. Hayo hayafundishwi kwa picha, kwa kuwa hayana sura. Hufundishwa na haja ya kulinganisha.

Jozi ya tatu nitaitaja kwa ufupi. *Owl Moon* cha Jane Yolen, chenye michoro ya John Schoenherr, cha mwaka 1987, humsimulia mtoto aliyetoka na babake usiku wa baridi kumtafuta bundi, na lugha yake ni ya kishairi. *Over and Under the Snow* cha Kate Messner, cha mwaka 2011, humpitisha mtoto juu ya theluji ya msituni huku kikifunua wanyama waishio chini yake, na mwisho wake kina maelezo ya kila mnyama. Cha kwanza hufundisha kusikiliza kimya, cha pili hufundisha ni nani aliye katika kimya hicho. Na mtoto apendaye mitambo na apewe *Katy and the Big Snow* cha Virginia Lee Burton, cha mwaka 1943, ambamo trekta jekundu la minyororo hufungua njia za mji mzima uliofukiwa na theluji.

Nafika sasa kwenye sehemu ya pili ya hoja yangu. Mwalimu mwenye bidii akishika kitabu cha theluji huvutwa kufundisha majina ya vitu vya theluji: gari la kuteleza, glavu, sanamu la theluji. Majina hayo ni haki ya mtoto, lakini hujifundisha yenyewe, kwa kuwa picha imekwisha kuyaeleza, na msimu ukipita hayana kazi. Isabel Beck, Margaret McKeown na Linda Kucan, katika kitabu chao cha mwaka 2002, waliyagawa maneno katika daraja tatu: ya kila siku, ambayo mtoto huyapata bila msaada, ya taaluma maalumu, ambayo hungoja somo lake, na ya katikati, ambayo watu wenye lugha pevu huyatumia katika kila jambo, nayo ndiyo yastahiliyo jasho la mwalimu. Katika vitabu nilivyovitaja, daraja hiyo ya katikati ndiyo yenye johari: kuyeyuka, kutoweka, kutanuka, maficho, dhaifu, subira, mpangilio. Na jozi yenyewe ndiyo chekeche, kwa maana neno ambalo hadithi na habari za kweli huafikiana juu yake, au ambalo laweza kuvushwa kutoka moja kwenda nyingine, kwa kawaida ni neno lifaalo katika masika na kiangazi pia.

Juu ya namna ya kusoma, utafiti umesema maneno ya kutosha, nami nitayakusanya kwa ufupi. Warwick Elley wa New Zealand alionyesha mwaka 1989 kwamba watoto hupata maneno kwa kusikiliza hadithi tu, na kwamba mwalimu akieleza kidogo maana ya neno anaposoma, faida huzidi maradufu. Grover Whitehurst na wenzake walionyesha mwaka 1988 kwamba mzazi aulizaye maswali ya wazi, kisha akalipanua jibu la mtoto, humwendeleza kuliko asomaye mfululizo. Jessica Horst na wenzake walionyesha mwaka 2011 kwamba watoto wa miaka 3 waliosomewa hadithi zile zile kwa kurudia walijifunza maneno mapya vizuri kuliko waliosikia maneno hayo hayo katika hadithi tofauti. Jambo hili la mwisho lisichukuliwe kuwa linapingana na hoja yangu, linaiwekea utaratibu. Jozi si haraka ya kuacha kitabu kimoja ili kushika kingine. Kila kitabu kisomwe mara kadhaa mpaka mtoto akizoee. Usomaji wa kwanza uwe wa hadithi na raha yake, bila kusimama. Katika wa pili na wa tatu yachaguliwe maneno matatu au manne, yaelezwe kwa sentensi nyepesi, yatendwe kwa mwili yakitendeka, na mtoto ayatamke kwa kinywa chake. Ndipo kitabu cha pili kiingie, maneno yale yale yakingojwa.

Wako kati yetu, ndugu zangu, wenye haja kubwa zaidi na jambo hili, nao ni wazazi wasemao Kiswahili, kutoka Kongo, Kenya, Tanzania, Burundi na kwingineko, wanaolea watoto Marekani, Kanada na Ulaya ya kaskazini, ambako theluji si habari ya kitabuni bali huwangoja mlangoni. Wengi wao hunyamaza mbele ya vitabu hivi kwa kudhani kuwa Kiingereza chao hakitoshi. Nawasihi wasinyamaze. Tangu mwaka 1979 Jim Cummins wa Kanada ameitetea dhana kwamba lugha mbili za mtoto hutegemeana, na kwamba maarifa yaliyopatikana kwa moja huisaidia nyingine. Mtoto aliyekwisha kufahamu kwa Kiswahili kinachotendeka barafu inapoyeyuka hana tena la kujifunza kwa Kiingereza katika jambo hilo ila jina. Na msaada upo tayari: Raymond Briggs wa Uingereza alitoa mwaka 1978 kitabu *The Snowman*, ambacho chote ni picha bila neno, hivyo ni cha Kiswahili sawasawa na kilivyo cha Kiingereza. Baba na asimulie, na mama aongeze. Na waseme theluji, barafu, sakitu na umande, waseme kuganda na kutona, na lugha yao isiingie katika nyumba hiyo kama mgeni. Kisha kitabu hicho kiwekwe sambamba na cha Peter, mtoto alinganishe theluji iliyotoweka mfukoni na sanamu la theluji la Briggs lililotoweka bustanini, kwa lugha yoyote impayo maneno mengi.

Nahitimisha kwa mambo mawili ya kutenda na kipimo kimoja. Maktaba, kwa desturi yao, huweka hadithi upande mmoja na maarifa upande mwingine, na mtoto huchukua cha rafu iliyo karibu. Basi mzazi na amwombe mkutubi jozi, na mwalimu na aazime viwili kila aazimapo kimoja. Pili, maneno yaliyochaguliwa yatoke kitabuni yaingie jikoni na njiani, samli ikiyeyuka kikaangoni, nguo ya mwaka jana ikiwa imembana mwenyewe. Na kipimo cha kazi yote hakipatikani Januari, wakati theluji imejaa na picha ziko wazi mbele ya macho. Hupatikana Julai, mtoto anapolitumia neno lile lile kwa jambo ambalo hakuna kitabu kilichomwonyesha, akasema kwa ufasaha wake mwenyewe kwamba hasira ya nduguye imeyeyuka. Mtoto huyo hakukopeshwa neno. Amelimiliki, na hakuna msimu utakaomnyang'anya.